Mke wa Fundi Timazi na Udongo wa Bondeni

Fundi Timazi hakupewa jina hilo kwa mzaha. Timazi ni ile kamba yenye kipande cha chuma nchani ambayo waashi huiteremsha kando ya ukuta kuona kama umesimama wima, na kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kukuta ukuta wa mtu huyu umelala hata upana wa ukucha. Alijenga maduka, akajenga madarasa, akajenga nyumba za watu waliomshukuru na za watu waliogombana naye tangu msingi hadi paa. Zote zilisimama.

Mkewe alikuwa mfinyanzi. Mtaani walimwita Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti zake wawili waliozaliwa siku moja na kuolewa mwaka mmoja, wakamwachia nyumba yenye ukimya ambao hakuuzoea upesi. Nyuma ya jiko alikuwa na kibanda cha mabati alimofinyanga vyungu vya maua, mitungi na majiko ya mkaa. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, mwanamke mkali aliyekuwa akimchapa vidole kila alipochukua udongo bila kuuuliza kwanza. Kuuliza maana yake ilikuwa kuufinya, kuunusa, kuuviringisha kama kamba, kisha kuuacha kivulini ukauke ndipo useme wenyewe. Mumewe aliiheshimu kazi hiyo kama mtu anavyoheshimu shughuli za jirani: hakuiingilia, wala hakuijua. Majirani walitania kwamba katika nyumba ile hata chai ina mchanga.

Mtaa wao ulikuwa kilimani, penye udongo mwekundu. Ukichimba futi mbili unakutana na ardhi ngumu inayorudisha sululu, unaweka msingi, unapandisha ukuta, unakwenda zako. Mvua ikinyesha, maji yanazama kabla hujamaliza kuanua nguo. Fundi Timazi alikuwa amejenga juu ya udongo huo maisha yake yote, na kwa kuwa haukuwahi kumsumbua, hakuwahi kuufikiria.

Kisha viwanja vya bondeni vikapimwa. Zamani palikuwa malisho ya ng'ombe: tambarare kama meza, udongo mweusi tii, bila jiwe wala kisiki. Watu wakavigombania. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mrefu, mchache wa maneno, ambaye hata chenji ya mkate aliihesabu mara mbili. Alimtafuta Fundi Timazi kwa sababu alitaka, kwa maneno yake mwenyewe, nyumba ya kumzika yeye, si yeye kuizika nyumba.

Ilijengwa kiangazi, kwa miezi minne. Vyumba vitatu, sebule, jiko, choo cha ndani, na nyuma ya nyumba karo, lile shimo la kupokea maji machafu, lililojengewa matofali yenye nafasi katikati ili maji yapenye ardhini, kama yalivyo makaro yote ya kilimani. Siku ya kukabidhiwa ufunguo, mwalimu mwenyewe alizunguka na kamba ya timazi mkononi akapima kona zote. Hakupata kasoro. Mwezi huo huo akapanda miti mitatu inayokua haraka kwenye kona ya sebule, apate kivuli.

Mvua zilipoanza, karo lilijaa wiki ya pili. Gari la kunyonya likaja, likanyonya, likaondoka, na baada ya siku nne karo likajaa tena. Milango ya vyumba viwili ikagoma kufungika. Mwalimu akadhani mbao zimevimba kwa unyevu, akamwita seremala akazipiga randa. Kiangazi kiliporudi, milango ile ile ikawa inachezacheza kwenye fremu zake, na asubuhi moja mke wa mwalimu akaona mstari mwembamba kama unywele umeanzia kona ya dirisha la sebule. Baada ya mwezi mstari ulipitisha sarafu. Baada ya miwili, mtu akikaa kwenye kochi aliweza kuona nani anapita nje.

Mwalimu alifika kwa Fundi Timazi wakati wa chakula cha mchana na hakutaka kukaa.

"Fundi, nimefanya hesabu," alisema akiwa mlangoni. "Ukuta wenye saruji ya kutosha haupasuki namna ile. Mifuko niliyonunua naijua mimi. Mifuko iliyoingia ukutani unaijua wewe."

"Mwalimu, unaniita mwizi ndani ya nyumba yangu?"

"Sijakuita jina lolote. Nasema hesabu haitoki."

Akageuka akaenda zake. Mama Pacha aliweka bakuli la maharage mezani, akamtazama mumewe. Mumewe aliendelea kula, lakini kijiko kilikuwa kinapanda mdomoni kitupu.

Maneno hayana miguu lakini yalifika. Mbele ya duka la vifaa vya ujenzi kulikuwa na benchi refu ambapo mafundi walikaa asubuhi kusubiri kazi, na hapo ndipo habari za mtaa zilipochambuliwa kama mchele. Kabla ya wiki kwisha, ilishajulikana kwamba Timazi ana mkono mrefu. Mteja mmoja aliyekuwa ameshakubaliana naye kuhusu ukuta wa uzio alituma salamu kwamba ameahirisha. Wa pili hakutuma salamu. Fundi Timazi akawa anakaa uani, ananoa mwiko ambao haukuhitaji kunolewa.

Mama Pacha hakumwamini mwalimu hata kidogo. Aliishi na mtu huyu zaidi ya robo karne. Alijua kwamba hata msumari wa mwenye nyumba ukibaki mfukoni mwake alirudi njia nzima kuurudisha. Lakini ukuta ulikuwa umepasuka, na kumwamini mume hakuzibi ufa.

Aliyefungua njia alikuwa mke wa mwalimu. Alikuja kibandani siku moja saa tatu asubuhi, kikapu mkononi, kama mteja yeyote.

"Mambo ya waume zetu nimeyaacha getini," alisema. "Nataka vyungu vya maua kumi. Vikubwa."

"Kumi vyote vya nini, dada?"

"Nipandie mboga. Na ile ardhi tumeshindwana. Wakati wa mvua mchicha unaoza mizizi, umesimama kwenye maji kama uko bwawani. Kiangazi panapasuka hata unaingiza mkono mpaka kiwiko. Juzi koleo langu dogo la bustani limetumbukia kwenye ufa, mpaka leo sijaliona."

Mama Pacha alisimamisha gurudumu lake la kufinyangia. "Tope la kule linashika kiatu?"

"Halishiki kiatu. Linakivua."

"Likikauka?"

"Jiwe."

"Nikileta vyungu," Mama Pacha alisema, "nitakuomba makopo mawili matatu ya huo udongo."

Alivipeleka kwa mkokoteni siku tano baadaye, saa ambayo mwalimu alikuwa ametoka. Alichimba mwenyewe kwa jembe pale pale penye bustani: kopo moja la juu, moja la kina cha goti, moja la kina cha kiuno. Kisha akaizunguka nyumba taratibu. Ufa ulikuwa mpana juu na mwembamba chini, kama nguo iliyochanika kwa kuvutwa upande mmoja. Kona ilikuwa inashuka. Na kwenye kona hiyo hiyo ndipo ilipokuwa ile miti mitatu, imeshapita paa kwa muda mfupi, imenawiri wakati kila kitu kingine kimenyauka. Alijiuliza inakunywa wapi.

Nyumbani alikanda udongo wa mwalimu, akakanda na wa uani kwake, akatengeneza vipande viwili bapa. Kila kimoja alikipima shubiri moja, akatia alama mbili kwa msumari, akaviweka kwenye rafu kivulini. Siku ya saba alivishusha. Kipande chekundu kilikuwa kimepungua chini ya nusu ya kidole. Cheusi kilikuwa kimepungua vidole viwili, kimejikunja kama ganda la ndizi na kukatika katikati.

Alikuwa ameuona udongo wa aina hiyo utotoni. Mama yake aliukataa hata kwa kuziba tundu la panya. Aliuita udongo mhamaji: leo umelala hapa, kesho umejikusanya, kesho kutwa umetandaza tena miguu.

Alikaa na vile vipande siku mbili bila kumwambia mumewe, na haikuwa kwa kusahau. Alielewa vizuri vinasema nini. Vilimtoa mumewe kwenye wizi, na papo hapo vikamtia kwenye jambo jingine. Saruji ilikuwepo yote, lakini fundi aliyeimwaga hakujua anaimwaga juu ya nini. Kwa mtu kama Timazi, hakuwa na hakika lipi lingemuuma zaidi.

Siku ya tatu alimwita. "Baba Pacha, njoo uone."

Aliingia kibandani akiinama, kwa kuwa mlango ulikuwa wa kimo cha mkewe. Akavitazama vile vipande.

"Vilikuwa sawa?"

"Shubiri moja moja. Hiki cha uani. Hiki cha kwa mwalimu."

Akakichukua cheusi, akakigeuza, akaunganisha pale kilipokatika. "Nyumba si chungu, Mama Pacha."

"Sijasema ni chungu. Nasema imekaa juu ya chungu kibichi. Kiangazi kinajikunja, mvua zikija kinavimba. Na nyumba iko juu inapandishwa na kushushwa."

Fundi alikiachanisha tena kile kipande. "Kwa hiyo saruji haihusiki."

"Haihusiki."

"Basi kosa ni la ardhi."

Mama Pacha angeweza kuyaacha hapo, na kwa dakika nzima alitamani kuyaacha. "Ardhi haikujijengea nyumba," alisema.

Fundi Timazi alikiweka kipande kwenye rafu kwa uangalifu, kama kitu cha mtu, akatoka. Siku tatu zilizofuata hawakuzungumza zaidi ya mambo ya chumvi na maji ya kuoga. Siku ya nne alitoka chumbani amevaa nguo za kazi, sululu begani.

"Unakuja au huji?" akamuuliza mkewe.

Mwalimu aliwakuta getini kwake. Fundi Timazi hakumpa nafasi ya kuanza.

"Nimekuja kuchimba kwenye kona ya ukuta. Nisipokuta sababu, nitakuvunjia niijenge upya kwa jasho langu. Nikiikuta, utaiona kwa macho yako."

Mwalimu alifikiri, akafungua geti. Alisimama mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani.

Udongo ulitoka kwa mabonge makubwa yenye ncha, yanayong'aa pembeni kama yaliyopakwa mafuta. Kwenye futi mbili alikutana na tako la msingi, ile sehemu pana ya chini, zege safi, limeshikana, kokoto zote mahali pake. Aliligonga kwa nyundo likalia vizuri. Mwalimu alisikia. Kisha fundi akachimba chini kidogo zaidi kando ya zege, akapiga magoti, akapeleka kiganja chake chini ya msingi.

Mkono uliingia mpaka kifundo. Kati ya zege na udongo kulikuwa na nafasi tupu, kavu, yenye ubaridi. Udongo ulikuwa umejikunja ukaondoka, na msingi ulibaki unaning'inia. Alikaa hivyo kwa muda, amepiga magoti, mkono chini ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Mwalimu, shuka," alisema.

Mwalimu alishuka shimoni na viatu vyake vya kung'aa, akachutama, akaingiza mkono. Aliutoa, akautazama, akauingiza tena, maana mara moja kwake haikuwa hesabu.

Fundi aliendelea kuchimba. Futi tatu, nne, tano, udongo ule ule. Kwenye futi sita sululu ikagonga moramu, changarawe ya manjano iliyoshikana, na akairudia mara kadhaa kuhakikisha. Wakati huo Mama Pacha alikuwa amechimba kishimo chake karibu na karo, akamwaga ndoo ya maji, akaketi kwenye kigoda alichopewa na mke wa mwalimu. Kilimani maji hayo yangekuwa yamezama kabla sufuria ya chai haijachemka. Walikunywa chai, wakanywa ya pili, jua likahama upande wa pili wa paa, na maji yalikuwa yamekaa kama kwenye beseni.

"Karo lenu ndilo hili," alimwambia mwalimu. "Hamna shimo la kuzamisha maji. Mna bakuli. Na mvua zikija, bakuli linajazwa na maji ya nje pia."

Mwalimu alifuta mikono kwa leso. "Nitawaambia watu kwamba saruji ilikuwepo," alimwambia fundi.

"Na sababu ya ufa utawaambia?"

"Hiyo ni yako kuisema."

Asubuhi iliyofuata Fundi Timazi alikwenda kwenye benchi la mafundi, ambako hakuwa amekanyaga kwa wiki sita. Alisalimia, hakukaa.

"Mmesikia nimeiba saruji," alisema. "Sikuiba. Kosa langu ni jingine. Nilijenga bondeni kama ninavyojenga kilimani. Ule udongo unavimba na kunywea, na mimi niliuwekea msingi wa futi mbili. Moramu iko futi sita."

"Timazi," akasema fundi mmoja mzee, si kwa ubaya, "miaka yote hiyo hujui udongo?"

"Wa kilimani naujua. Wa bondeni nimefundishwa na mke wangu."

Wakacheka, wengine mpaka wakashika mbavu. Yeye alisubiri wamalize, akaagiza mifuko sita ya saruji kwa ajili ya nyumba ya mwalimu, akaondoka. Lakini jioni, kabla jua halijazama, mafundi wawili kati ya waliocheka walibisha hodi nyumbani kwake, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alikuwa na nyumba bondeni, na kila mmoja alikuwa na mlango uliogoma kufungika.

Nyumba ya mwalimu ilichukua miezi miwili kurekebishwa. Mwalimu alinunua vifaa vingine vyote, fundi akatoa mikono yake. Alichimba chini ya msingi kwa vipande vya urefu wa mkono, kipande kimoja leo, cha pili hatua kadhaa mbele kesho, ili nyumba isikose pa kukanyaga, na kila kipande akakishusha hadi kwenye moramu na kukijaza mawe na zege. Miti mitatu, iliyokuwa ikiunyonya maji udongo wa kona ile, ilikatwa. Siku hiyo mke wa mwalimu alikaa jikoni amegeuzia dirisha mgongo, kwa kuwa ndiye aliyeimwagilia tangu ikiwa miche. Paa likawekewa mifereji, na kuzunguka nyumba kukamwagwa ukanda mpana wa zege wenye mteremko, maji yasikae ukutani. Karo likazibwa kuta zake, na maji yake yakasukumwa kwa pampu ndogo hadi pembe ya mbali ya kiwanja, kwenye tuta kubwa la mchanga na kokoto lililopandishwa juu ya ardhi, likaoteshwa nyasi.

Bustani ilikuwa kazi ya wanawake wawili. Waliihamisha mbali na ukuta, wakatengeneza matuta ya kimo cha goti yaliyozungushiwa mbao, wakayajaza udongo mwekundu, mchanga, mbolea ya ng'ombe na majani makavu. Udongo mweusi nao waliutia kidogo, kwa sababu Mama Pacha alisema una nguvu ukipata wa kuuachanisha. Alimkataza mwenzake kulima ukiwa umelowa. "Ukiugusa una maji, umefinyanga tofali. Subiri mpaka uvunjike mkononi kama mkate mkavu." Mwaka uliofuata mke wa mwalimu aligawa mchicha na nyanya kwa majirani mpaka wakaanza kujificha.

Ufa wenyewe mwalimu alikataa uzibwe. Aliweka alama za penseli pande zake mbili na kuandika tarehe kila mwanzo wa mwezi. Baada ya mvua mbili na viangazi viwili alama zilikuwa hazijasogea. Ndipo akaruhusu plasta.

Hakuwahi kutamka neno samahani, si kwa fundi wala kwa mkewe. Ila siku moja alipita kibandani akiwa amebeba rula ya chuma ndani ya bahasha ya kaki.

"Shubiri za watu hazilingani," alimwambia Mama Pacha. "Yako na yangu zina tofauti. Ukitumia hii, hakuna atakayebisha."

Aliipokea kwa mikono miwili na kuitundika penye mwanga.

Kuanzia hapo Fundi Timazi hakupokea kazi bondeni mpaka mkewe ameshafika kiwanjani. Wapo wateja waliokwenda kwa mafundi wasiouliza maswali, na alipungukiwa kazi kwa miaka miwili hivi, kabla ufa wa nyumba za wengine haujamtetea. Watu wakazoea kuleta udongo kibandani kwenye makopo ya rangi, kwenye mifuko ya sukari, mmoja kwenye kofia yake. Mama Pacha aliukanda, akaukausha, akapima kwa rula, akawaambia alichoona. Hakupamba. Kwa wengine alisema jenga, kwa wengine alisema chimba zaidi, na kwa wachache alisema panda nyasi ufuge ng'ombe.

Si kwamba hakukosea. Mfanyabiashara mmoja wa mbao alimletea kopo la udongo mweusi kuliko wote aliowahi kuuona, akitaka kujenga nyumba ya ghorofa moja. Alimwambia asithubutu. Mtu yule akacheka, akajenga, na miaka minne baadaye nyumba ilikuwa imesimama bila hata mstari. Mafundi wa benchini walimkumbusha Fundi Timazi jambo hilo kila alipopita.

Mama Pacha hakuliacha hilo lilale. Alikwenda kwa mfanyabiashara mwenyewe, akaomba ruhusa ya kuchimba nyuma ya stoo kwenye kiwanja hicho hicho.

"Unataka kuona nini, mama?"

"Nilipokosea."

Akamruhusu, akamletea na kiti. Kwenye kina cha mkono mmoja tu jembe liligonga moramu. Ardhi ile ilikuwa imepanda juu kama mgongo chini ya blanketi, na lile kopo aliloletewa lilitoka kwenye kona ya mwisho ya kiwanja, palipozama. Alipima kina kwa rula, akauliza mpaka uko wapi, akachimba tena upande wa pili, na wa tatu. Alirudi nyumbani magoti yamejaa tope na kumweleza mumewe kila kitu bila kuficha. Tangu siku hiyo hakupokea tena udongo wa kopo moja. Aliyemletea kopo moja alirudishwa akalete manne, la kila kona, na kama ana miguu mizima, na la tano la katikati.